Seva Imejaa Nini

Mimi si fundi wa printa. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu hospitali nzima inadhani hivyo. Kazi yangu ni kutunza kanzidata, yaani kule ndani ya seva ambako jina la kila mgonjwa, vipimo vyake, dawa zake na kitanda anacholalia vimeandikwa. Lakini karatasi ikikwama kwenye printa ya mapokezi, naitwa mimi. Feni ya ofisi ya mapato ikigoma kuzunguka, naitwa mimi. Wananiita Mama Seva. Mwanzoni nilikasirika, halafu nikazoea, na sasa mtu akiniita kwa jina langu nageuka kuangalia anaitwa nani.

Siku ninayoisimulia nilifika kazini pamoja na wifi yangu. Huyu ni dada wa mume wangu. Anaishi kwetu tangu mumewe aende kufanya kazi mbali, anashona nguo barazani, na kila mwezi bila kukosa anakuja hospitalini kupima presha. Presha yake iko sawa. Imekuwa sawa muda wote niliomfahamu. Lakini siku ya kupima presha wifi huamka kabla ya watu wote, akapiga pasi gauni lake la maua madogo ya bluu, lile analovaa harusini, akajipaka mafuta mpaka shingo ikang'aa.

"Wifi," nilimwambia njiani, "hiyo si presha. Nitajie tu ni daktari yupi, nikakuchunguzie kama ana mke."

"Wivu huo. Mimi nikipendeza wewe unaumwa tumbo."

"Kaka yako hajawahi kuniona nimepiga pasi gauni kwenda kuchomwa sindano."

"Ndiyo maana kaka yangu amekonda," akasema.

Tulicheka, tukaachana kwenye ukumbi wa chini. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi lake, mimi nikapanda ngazi.

Hata kufuli la ofisi sikumaliza kulifungua. Simu ya mezani ilikuwa inalia ndani, na ilionekana imekuwa ikilia kitambo. Mapokezi: mfumo umegoma, hawawezi kumwandikisha mgonjwa mpya. Nikaweka chini, ikalia tena. Maabara: majibu ya damu hayaingii. Nikaweka chini, ikalia tena. Famasia, na huyu alikuwa anapiga kelele kana kwamba mimi ndiye niliyemeza dawa zake.

"Andikeni kwenye karatasi," nikawaambia wote. "Karatasi ilikuwepo kabla yangu."

Nikaketi, nikafungua mashine, nikasoma kilichoandikwa kwenye kioo. Hakuna nafasi. Diski ya data imejaa mpaka ukingoni. Hapo nieleze kidogo, maana watu hudhani seva ikijaa huwa inapunguza tu mwendo, kama gari lililobeba mizigo mingi. Sivyo. Kanzidata ina tabia ya karani mwenye wasiwasi: kabla ya kubadili chochote, huandika pembeni kwanza inachotaka kufanya, ili umeme ukikatika ijue ilifika wapi. Ikikosa pa kuandika, haifanyi lolote. Unaweza kuibembeleza hadi kesho.

Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa Daktari Mkuu mwenyewe.

"Mama Seva, tumekufa?"

"Mahututi, daktari. Nipe nafasi nifanye kazi."

"Nafasi ndiyo ninayosikia imekwisha."

Nilikata simu. Anajiona mcheshi, na kwa bahati mbaya siku hiyo alisema kweli.

Diski ikijaa, mtu mwenye haraka hufuta. Anaona faili kubwa, anaifuta, anafurahi, na baada ya wiki ndipo inagundulika kwamba ile ilikuwa rekodi ya wagonjwa wa mwaka mzima. Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na faili zikifutwa ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi, ambaye nyumbani siwezi hata kusubiri chai ipoe, kazini huwa naangalia kwanza.

Nilianza na nakala rudufu. Kila siku mfumo hutengeneza nakala ya kanzidata yote, ukaiweka hapo hapo kwenye diski, kisha ukaipeleka kwenye mashine iliyoko jengo la pili. Nakala kadhaa za nyuma zilikuwa bado zimebaki. Nilihakikisha kwamba zilishafika jengo la pili, nzima, kisha nikazifuta. Kanzidata ikavuta pumzi. Nikaiwasha upya, nikasubiri, na simu za malalamiko zikanyamaza moja baada ya nyingine. Hakuna aliyepiga kusema asante. Printa ikipona wanasema asante, seva ikipona wananyamaza.

Lakini nilijua nimepuliza tu kidonda. Nafasi niliyopata isingefika kesho kutwa. Kulikuwa na kitu kinachokula diski, na nilipaswa kukijua kabla hakijamaliza hicho kidogo.

Nikapima folda moja moja. Kanzidata yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Kumbukumbu za mfumo, kawaida. Folda ya picha, hapo nikasimama. Folda ya picha ilikuwa imemeza sehemu kubwa ya diski, na ndani yake si picha za eksirei wala za mifupa, bali filamu za altrasaundi. Zile wanazochukuliwa kinamama wajawazito, mtoto akiwa tumboni anajigeuza.

Sasa, filamu hizo zina utaratibu wake. Mjamzito akipimwa, filamu inawekwa kwenye faili lake ili daktari aitazame. Akishajifungua, faili linafungwa, na kila Jumapili kuna programu tuliyoipa jina la mfagiaji, inayopita na kufuta filamu za faili zilizofungwa. Picha moja ya mgando inabaki, filamu inaondoka. Nilidhani mfagiaji huyo ameacha kazi. Nikamkagua: anafanya kazi yake barabara, kila Jumapili, bila kosa hata moja. Anafuta kila kilichofungwa.

Basi zilizobaki ni zile ambazo hazijafungwa. Na altrasaundi mpya tuliyoletewa mwaka uliopita inatoa filamu nzito mara nyingi kuliko ya zamani, kwa hiyo kila faili lisilofungwa sasa linakaa kama mgeni mnene kwenye kochi. Nikaiambia kanzidata inipangie mimba zote ambazo bado zinaendelea, ya zamani ianze.

Niliangalia tarehe ya juu kabisa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaangalia tena. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu rasmi, hospitali hii ilikuwa inamhudumia mwanamke mwenye mimba ya zaidi ya miaka mitano. Chini yake yupo wa miaka mitano kamili. Chini yake wapo wa miaka minne, wa mitatu, wa miwili, kurasa kadhaa. Wote hali yao imeandikwa "anaendelea", na wote wamewekwa na mtu mmoja, mpimaji wetu wa altrasaundi, ambaye kila mtu anamwita Dada Picha.

Nilicheka peke yangu mpaka nikajishika ubavu. Majina hata sikuyasoma, tarehe zilinitosha. Nikampigia Daktari Mkuu nimpe chanzo cha ugonjwa, naye akacheka pia.

"Dada Picha amesahau kufunga faili zake," akasema. "Zifunge wewe hizo, mfagiaji wako azipitie. Jioni ya leo nataka kusikia diski iko wazi."

"Nifute filamu zote?"

"Filamu si matibabu, Mama Seva. Matibabu yalishaisha. Futa."

Ningeweza kufanya hivyo nikiwa nimekaa. Lakini huwezi kulifunga faili la mimba bila kujaza matokeo: mama amejifungua salama, mimba imetoka, amehamia hospitali nyingine. Mfumo hauruhusu pengo, na mimi ndiye niliyeuwekea ukali huo. Matokeo anayajua mpimaji. Nikachapisha orodha, nikashuka ngazi nikiwa na mzaha wangu tayari mdomoni.

Kwenye benchi wifi alikuwa bado amekaa, gauni lake halina hata kunyanzi moja.

"Bado presha tu?"

"Walisema mfumo umegoma."

"Umeshapona. Mimi ndiye niliyeuponya, usije ukanisahau kwenye sala zako."

"Basi na mimi watanipima," akasema, akatabasamu.

Chumba cha Dada Picha kiko mwisho wa ukumbi. Kina pazia zito dirishani, kitanda, kioo kikubwa ukutani ili mama naye aone, na chupa ya jeli ambayo yeye huiweka ndani ya bakuli la maji ya moto, kwa sababu hapendi tumbo la mtu ligutuke kwa baridi. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache. Nilimkuta anafuta mashine kwa kitambaa.

"Dada," nikaanza, "tembo hubeba mimba karibu miaka miwili, na dunia nzima inamshangaa. Wewe humu ndani una wanawake wa miaka mitano. Unawalisha nini?"

Hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa orodha, akaiangalia kwa muda. Kisha akasema, "Funga mlango."

Nikaufunga.

"Nani amekutuma?"

"Diski imejaa, dada. Nahitaji uzifunge hizi faili, nipate nafasi. Filamu zake zifutwe."

"Sikusahau kuzifunga," akasema. "Wengine wote nawafunga siku hiyo hiyo mtoto akilia. Nenda kaangalie. Mwenye mtoto ana mtoto, filamu ya nini?"

Hapo mzaha wangu ulianza kunikauka mdomoni.

"Hawa ni wale ambao hawakwenda nyumbani na mtoto," akasema.

Akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, orodha mapajani. Aliniambia kwamba miaka ya nyuma alikuwa anafunga zote sawasawa, kwa utaratibu. Siku moja akaja mama aliyempima kama mwezi mmoja kabla. Mtoto alizaliwa hapumui, wanaume wakamchukua wakaenda kumzika, mama yuko kitandani hajiwezi. Hakumwona uso. Hakumshika. Mama huyo akasimama pale mlangoni, akauliza kwa adabu kama mtu anayeomba maji: ile siku nilipokuja, alikuwa anacheza, alinyanyua mkono, je, naweza kumwona tena?

"Nikafungua faili lake," akasema Dada Picha. "Mfagiaji wako alishapita. Nikamwambia, mama, imefutika. Akasema asante. Yaani aliniambia asante, akaondoka."

Tangu hapo hafungi. Mtoto asipofika nyumbani, yeye huacha mimba inaendelea, maana ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumzuia mfagiaji. Wengine hawarudi kabisa, na hao nao huwaacha, kwa sababu huwezi kujua mtu atarudi lini. Wengine huja mara moja, wakaangalia, wakashukuru. Wengine huja kila mwaka, tarehe ile ile.

"Kuna mmoja anakuja kila mwezi," akasema. "Yupo nje sasa hivi, tangu asubuhi. Filamu yake ilikataa kufunguka, nikamwambia mfumo umegoma, asubiri."

Aliponirudishia orodha nilishusha macho, na safari hii nikasoma majina. Sikuwa natafuta. Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na jina ambalo sehemu yake ya mwisho ni jina la baba mkwe wangu, na sehemu ya kwanza ni ya mtu ambaye mimi humwita wifi. Umri wa mimba, miaka minne. Hali, anaendelea.

Nilikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, karatasi yake ya kutandikia ikachanika. Miaka minne. Nilikuwepo. Alikuwa mwezi wa nane, tumeshanunua nguo, nikaletewa habari nikiwa hapa hapa kazini. Mume wangu na wanaume wengine wakazika. Sisi wanawake tukamkalisha wifi chumbani, tukamlisha uji, tukamwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Tulimwambia hivyo sote, mama mkwe, majirani, mimi. Alipoanza tena kushona tukasema mwenzetu amepona. Hata kuuliza alikuwa wa kike au wa kiume sikuuliza, niliona nitamtonesha. Na kila mwezi nimekuwa nikimtania kuhusu madaktari.

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira kama kawaida yangu, ila sikumpata wa kumkasirikia.

"Unalia?" Dada Picha akauliza.

"Jeli yako inanuka," nikamwambia.

Akanipa karatasi laini. Zipo nyingi chumba kile, nikaelewa kwa nini.

Nilipopanda ngazi nilikuwa nimeshapata la kufanya, na halikuwa gumu. Filamu si lazima zikae kwenye diski ya data. Zikipewa diski yake, kanzidata itapumua na filamu zitakaa miaka. Diski hiyo ilikuwepo. Niliiomba tangu mashine mpya ilipofungwa, ikanunuliwa, ikaja, na ikalala stoo ndani ya boksi lake kwa sababu ruhusa ya kuitoa ilikuwa mezani kwa Daktari Mkuu, chini ya vitu vingine. Kila nikimkumbusha anasema wiki ijayo. Tatizo ni kwamba sasa ameshapewa njia ya mkato, na ameipenda.

Nilimkuta anakunywa chai. Ni mtu mzima mwenye kipara kizuri, daktari wa uzazi kabla hajawa mkubwa, na bado huzalisha akizidiwa na hamu.

"Umefuta?"

"Bado. Nimekuja unisainie diski iliyoko stoo."

"Mama Seva, nimesema futa. Diski ile tunaitunza kwa jengo jipya."

"Jengo jipya halina hata msingi, daktari."

"Futa."

"Sawa," nikasema, nikavuta kiti bila kukaribishwa. "Ila leo si Jumapili, itabidi nifute kwa mkono, na kanuni inasema kitu cha mgonjwa hakifutwi kwa mkono mpaka daktari aliyemhudumia aidhinishe, mgonjwa mmoja mmoja. Kanuni hiyo uliiandika wewe."

"Najua nilichoandika. Niletee nisaini zote."

"Kila moja inasomwa kwanza. Umeandika hivyo pia." Nikafunua orodha, ambayo Dada Picha alikuwa ameniandikia pembeni matokeo na daktari wa kila mmoja. "Wa kwanza. Mimba ya wiki thelathini na nane. Mtoto wa kiume, hakupumua. Daktari, wewe. Uidhinishe?"

Akashusha kikombe.

"Wa pili. Mapacha, wa kike wote. Daktari, wewe. Wa tatu..."

"Subiri," akasema. "Rudia wa kwanza."

Nikarudia, nikamsomea na jina. Akatazama dirishani.

"Mumewe alikuwa seremala," akasema. "Alikuja na kitanda cha mtoto nyuma ya gari, amekitengeneza mwenyewe. Vanishi ilikuwa haijakauka. Nilipotoka kumwambia, alinionyesha kile kitanda kwanza. Sikujua nianzie wapi." Akageuka kwangu. "Kwa nini filamu zao bado zipo?"

Nikamweleza. Sikutia chumvi, na sikupunguza. Nilimwambia kwamba Dada Picha amevunja utaratibu kwa miaka, kwamba kumbukumbu zetu zina uongo, kwamba diski imejaa kwa sababu yake, na kwamba wale mama wanakuja. Kuna mstari mmoja katika orodha ile niliouruka. Huo haukuwa wa kusomwa ofisini kwa mtu.

"Wanakuja hapa?" akauliza. "Mimi siwaoni."

"Wanasema wamekuja kupima presha."

Alipekua mezani, akainua faili moja, akainua jingine, akaitoa ruhusa yangu ikiwa na alama ya kikombe cha chai, akasaini.

"Mwambie Dada Picha..." akaanza, akafunika kalamu. "Mwambie jeli ikimwishia aniambie mimi moja kwa moja."

Mtunza stoo aliigeuza ile karatasi pande zote, akalinganisha sahihi, akaniuliza kama boksi nitalirudisha. Nilimwambia nitalirudisha na utepe juu. Nikaichukua diski, nikaenda kuifunga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kunakili, kulinganisha, ndipo kufuta ile ya awali. Kwa kawaida nikishanakili filamu hufungua chache kuona kama zinacheza. Siku hiyo sikufungua hata moja. Niliiacha mashine ilinganishe yenyewe, alama kwa alama, na kila ilipokubali nikaendelea. Hazikuwa zangu kuziangalia.

Kabla sijaanza nilimpigia Dada Picha. "Yule wa nje, yule wa kila mwezi, naanza na yake. Ikifika nitakuambia, umwite."

"Unamfahamu?"

"Namfahamu kidogo," nikasema, na nikaona hilo si uongo.

Ilipokamilika nilishuka kwa kisingizio cha printa ya mapokezi. Nilimwona wifi akisimama, akanyoosha gauni kwa viganja viwili, mbele na nyuma, akaingia. Mlango ukafungwa. Printa haikuwa na tatizo lolote, lakini niliifungua na kuifunga mpaka karani wa mapokezi akaniuliza kama niko sawa.

Kilichobaki kilikuwa ule uongo kwenye kumbukumbu. Niliongeza kisanduku kimoja kwenye faili la mimba, chini ya matokeo: filamu itunzwe. Kikiwekwa alama, mfagiaji anapita bila kugusa, hata kama faili limefungwa. Ni mistari michache tu ya programu, na ningeiandika miaka iliyopita kama mtu angeniambia. Kisha Dada Picha akakaa mbele ya kompyuta yake na orodha ile, akaanza kuzifunga mimba moja moja, akijaza matokeo ya kweli. Kila alipofunga moja nilikuwa naiona juu kwangu ikibadilika. Hakufanya haraka, nami sikumhimiza. Jioni ilipofika hakuna aliyekuwa na mimba ya miaka mitano katika hospitali yetu, na filamu zote zilikuwepo.

Nilitoka, nikamkuta wifi ananisubiri getini. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na uso umetulia, kama ulivyo kila mwezi siku hii. Nimeuona uso ule mara nyingi nikadhani ni jua.

"Presha?" nikamuuliza, maana nisingeuliza angeshtuka.

"Iko sawa."

Tukatembea. Alikuwa ameshika mkoba wake kifuani. Tulipita duka la vifaa vya shule, tukapita kinyozi.

"Leo walichelewa sana," akasema. "Kulikuwa na nini?"

"Seva ilijaa."

"Ilijaa nini?"

Majibu ya kitaalamu yapo mengi.

"Watoto, wifi," nikamwambia.

Alisimama. Nami nikasimama. Watu walitupita pande zote mbili, mmoja akatuambia tumeziba njia, na alisema kweli.

"Umewafuta?" akauliza, na sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo vile.

"Nimewahamisha. Wamepata mahali pakubwa, pao peke yao. Hakuna atakayewagusa."

"Wote?"

"Wote. Na wako nilianza naye."

Hakulia. Alinipa mkoba niushike, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akauchukua tena mkoba wake. Tukaanza kutembea, sasa amenishika mkono juu ya kiwiko.

"Ni wa kike," akasema. "Ana mateke, wifi, usiombe. Anapiga mpaka kioo kinatikisika."

"Amemfuata mama yake," nikasema.

"Hujawahi kumwona."

"Sijamwona."

"Mwezi ujao twende wote."

Nikamwambia sawa, nitapiga pasi gauni langu.